Mtungi wa Kompyuta

Tangazo lililomponza Sipriani nililiandika mimi. Niliandika kwa mkono, kwa wino wa bluu, nikalibandika kwenye mlango wa chumba ambacho kamati yetu ilikuwa imeazimwa: "Orodha za wenye mashamba ziwe zimechapwa kwa mashine. Majina yaliyoongezwa kwa kalamu hayatapokelewa. Mwisho Ijumaa saa sita mchana." Hakuna aliyecheka kuona tangazo la kukataa kalamu limeandikwa kwa kalamu. Mimi mwenyewe kichekesho hicho nilikuja kukiona baadaye, na kufikia hapo hakikuchekesha tena.

Sababu nilikuwa nayo. Ilikuwa mwaka 2005. Biashara huria ilishatukuta watu wa Kilwa kitambo, lakini mwaka ule ilifika mashambani. Kila kijiji kilikuwa kinamzungumzia mwekezaji, ingawa hakuna aliyewahi kumwona, na kamati ya muda ikaundwa kuorodhesha ardhi yenye wenyewe. Shamba lisilo na jina kwenye orodha lingeandikwa pori, na pori lingekuwa la kugawiwa. Orodha za mwanzo zilikuja na majina yaliyopachikwa pembeni kwa kalamu za kila rangi: mashemeji, wapwa, hata marehemu wawili. Mimi nilikuwa karani wa kamati hiyo, na ni mtu wa utaratibu. Mke wangu ana neno lingine la kunieleza, lakini hilo si la kuandika hapa.

Sipriani alikuwa Mmakonde wa kutoka huko juu, Mkatoliki wa kwenda kanisani na shati lililopigwa pasi ya mkaa. Aliteremka pwani mwaka 1976 kufanya kazi katika ghala la baridi la samaki hapa Kilwa Masoko, akazitunza mashine za ghala hilo kwa miaka kumi na minane. Alikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, alipima joto la kila kitu kwa mgongo wa kidole cha shahada: chai, injini, paji la uso la mgonjwa. Ya pili, alikuwa mbishi wa neno moja. Ukimwambia friji yako haitoi baridi, alikukatiza hapo hapo.

"Baridi haitolewi," alisema. "Hakuna kitu kinaitwa baridi. Kuna joto, na kuna joto lililoondoka. Friji kazi yake kuondoa."

Watu waliokuja na friji zao mgongoni, jua kali, hawakuwa na hamu ya somo hilo. Walimwitikia tu ili awatengenezee.

Shirika lenye ghala lilipouzwa mwaka 1994, mnunuzi alichukua mashine akaacha kuta. Sipriani akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Yeye na mkewe Theresia walikwenda Kiranjeranje, wakaomba ardhi kijijini, wakapewa kipande kilichopakana na shamba la mama mmoja aitwaye Bi Moza. Wakapanda mikorosho sitini. Theresia alifariki mwaka 1998, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutoa maua. Sipriani akarudi Masoko kutengeneza majokofu ya wanunuzi wa pweza, lakini kila msimu alipanda gari kwenda kupalilia na kuokota. Sijawahi kumsikia akisema analipenda shamba lile. Nilichokuwa nakisikia ni kwamba mti wa saba kutoka njiani, Theresia aliupanda ukiwa umepinda na akakataa kuunyoosha.

Shamba hilo lilikuwa mstari wa mwisho kwenye daftari la Kiranjeranje, namba 412. Lilikuwa la mwisho kwa sababu Sipriani alikuwa mtu wa kuja, na watu wa kuja huandikwa mwisho. Hilo nalo ni utaratibu.

Daftari lililetwa Masoko na Yassin, mtendaji wa kijiji, kijana mwembamba mwenye haraka hata akiwa ameketi. Alilipeleka kwa Stefania, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na duka la steshenari lenye kompyuta moja na printa moja. Kompyuta hiyo alikuwa ameinunua Dar ikiwa imeshatumika na watu wengine, nami nilimshangaa kwa uthubutu huo, maana mji mzima ulikuwa na kompyuta za kuhesabika. Zilibaki siku kumi na mbili kufika Ijumaa ya mwisho. Kila mstari ulikuwa na jina, ukubwa wa shamba, idadi ya miti na majina ya majirani wa pande nne. Stefania alichapa mistari tisa, kompyuta ikazimika.

Ikawaka, ikazimika. Kila baada ya robo saa ilikuwa hivyo. Feni iliyokaa juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta na ndiyo inayopata moto kuliko vyote, ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari hadi haizunguki. Alipatikana fundi kutoka Dar, Brighton, aliyekuwa mjini kwa shughuli zake. Brighton aliing'oa feni kwa bisibisi, vishikio vyake vya plastiki vikakatika vyote viwili. Akasema kompyuta za namna hiyo hazitengenezwi siku hizi, zinatupwa, kisha akawahi basi.

Kibanda cha Sipriani kilikuwa ukuta kwa ukuta na duka la Stefania. Alisikia yote. Alikuja, akaweka mgongo wa kidole juu ya prosesa iliyokuwa uchi, akakiondoa upesi.

"Hii haijaharibika," alisema. "Ina joto ambalo halina pa kwenda. Nitalitafutia njia kwa maji."

"Mzee, maji na umeme?" Stefania akashtuka. "Hicho ndicho kitu pekee nilicho nacho."

"Na mimi shamba langu limo humo, mwanangu. Unadhani nitalimwagia maji?"

Alianza na kipande cha shaba nyekundu, kinene, alichokiokota siku mashine za ghala zilipokuwa zinang'olewa. Alikikata mraba wa ukubwa wa sabuni ya kuogea iliyobaki nusu. Kisha alichukua bomba jembamba la friji, akalijaza mchanga mkavu na kuziba ncha zote mbili, maana bomba tupu ukilikunja linabonyea na maji hayapiti. Alilizungusha mizunguko mitatu iliyobanana, akaligonga kwa nyundo ya mbao hadi upande mmoja ukawa bapa, akamwaga mchanga na kuliosha. Hapo ndipo akawasha gesi, akalilehemu bomba juu ya kile kipande kwa lehemu ya fedha, kwa uangalifu wa mtu anayeshona jeraha.

Upande wa chini, ambao ungegusa prosesa, aliusugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha. Alisugua kutwa nzima. Alipotaka kujua kama umenyooka alikipaka kioo masizi ya kibatari, akakilaza kipande juu yake, akakigeuza. Palipobaki pekundu ndipo palipokuwa na bonde. Stefania aliniambia kwamba saa kumi jioni mzee alimwonyesha upande wote ukiwa mweusi, na kwamba alikuwa anacheka peke yake.

Kipande kilifungwa kwa skrubu nne zilizopita kwenye matundu ya bodi, kile kibao kinachobeba prosesa, kila moja na springi ya kalamu ya wino ili ibane bila kuvunja. Kati ya shaba na prosesa alipaka ile krimu nyeupe wanayotumia mafundi redio. Mipira ilikuwa ile ya kupitisha maji wanayopimia waashi. Pampu aliitoa kwenye mashine ya juisi, yale masanduku ya kioo ya hotelini ambamo juisi hurushwa juu na kurudi chini siku nzima mpaka ikuchoshe kuitazama. Pampu ilikaa ndani ya ndoo ya maji, ikasukuma maji hadi kwenye shaba, yakazunguka yakarudi kwenye ndoo.

Jumatatu ya wiki ya mwisho wakawasha. Robo saa ikapita, nusu saa, saa nzima. Stefania akachapa kama mtu anayefukuzwa. Saa nane mchana maji ya ndoo yakawa ya uvuguvugu, bati la duka linachemka, kompyuta ikazimika.

Jumanne Stefania akaja na wazo ambalo mtu yeyote wa Masoko angekuwa nalo. Mji huu samaki hawaozi kwa sababu ya barafu. Alinunua pande la barafu kwa wanunuzi wa pweza, akalitumbukiza kwenye ndoo kabla Sipriani hajafika. Kompyuta ikaenda vizuri mno. Sipriani alipoingia na kuchungulia ndani ya sanduku, aliruka akachomoa waya ukutani.

Shaba ilikuwa imetoka jasho. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye mipira na juu ya kipande, na moja lilishaanza kuteremka kwenye bodi.

"Nisamehe mzee, nilitaka iwe ya baridi zaidi," Stefania alisema, machozi yanamlengalenga.

"Kosa langu," alijibu Sipriani. "Miaka kumi na minane nawaeleza watu kwa nini friji inatoka jasho. Wewe sikukueleza."

Jumatano yote bodi ilianikwa juani juu ya kanga, inalindwa kuku wasiikanyage. Siku ikapotea hivyo, na mistari mia mbili na zaidi haijachapwa. Yassin alikuja mara tatu kuiangalia bodi.

Sipriani alikaa mlangoni kwake akifikiri. Alichokuwa anakitafuta ni kitu cha kuondoa joto kwenye maji, lakini kisiondoe kupita kiasi hadi hewa yetu hii ya pwani, nzito kwa unyevu, igeuke maji juu ya shaba. Alikuwa na kiu. Aliingia ndani kunywa maji, akaweka mgongo wa kidole kwenye mtungi wake, akabaki amesimama hapo.

Mtungi wa udongo hutoka jasho wenyewe. Maji hupenya kidogo kidogo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Kadiri hewa ilivyo na unyevu ndivyo mtungi unavyopunguza bidii, kwa hiyo hauwezi kamwe kupoza hadi vitu vitoe matone. Sipriani alinieleza hilo mara nyingi nikiwa na mambo mengine ya kufanya. "Acha mtungi utoke jasho," alikuwa anasema, "kompyuta ibaki kavu."

Alhamisi asubuhi alibeba mtungi wake mwenyewe, mkubwa, akauweka kwenye kona ya duka juu ya sinia la mchanga uliolowa, pampu ndani, mipira mdomoni. Stefania alisema ingefaa ufunikwe kwa ubao na kuwekewa jiwe juu. Sipriani akaenda kwake, akarudi na kata ya kifuu, akaitundika kwenye msumari juu ya mtungi.

"Ya nini hiyo?" Stefania aliuliza. "Mzee, watu watakunywa."

"Mtungi bila kata ni uchoyo," alisema Sipriani. "Mtu akiingia na kiu, auone mtungi halafu asione kata, atasema nini? Atasema wewe una mkono wa birika. Nitakuwa najazia mimi."

Yassin, aliyekuwa na pikipiki, alipendekeza watie kwenye maji ile dawa ya rejeta ya magari, eti shaba isioze. Sipriani akamtazama, akamwonyesha kata kwa kidevu.

Mtungi ulifanya kazi. Alhamisi kompyuta haikuzimika hata mara moja, tangu asubuhi hadi duka linafungwa. Stefania alichapa, akaprinti, akachapa. Mwanzoni mwa wiki hiyo alikuwa anasevu kila baada ya mistari miwili kwa hofu, lakini disketi ile ilikuwa nzito kuandika, na kwa mtungi alipata imani. Akawa anasevu ukurasa ukiisha. Ijumaa saa tano asubuhi kurasa kumi na tatu zilikuwa zimeshaprintiwa nakala tatu tatu, na alikuwa amefika katikati ya ukurasa wa mwisho, wenye mistari ishirini na miwili, kuanzia 391.

Hapo ndipo lori la Kiranjeranje lilipofika. Watu wa kule hawakuwa na imani na karatasi itakayokwenda ofisini peke yake, kwa hiyo walikuja kuisindikiza. Walikuwa kama arobaini, wamesimama kwenye lori tangu alfajiri, vumbi limewageuza rangi. Stefania alikuwa amewapa mgongo, macho kwenye daftari. Sipriani alikuwa nyuma ya meza, kidole kwenye shaba.

Bi Moza aliingia wa kwanza. Alikuwa jirani yake wa shambani na walikuwa wakitaniana miaka yote.

"Hodi humu! Yule Mmakonde wangu yuko wapi, nimemletea vumbi la kwao?"

"Karibu, Bi Moza. Vumbi lote hilo umelibeba peke yako?"

"Kiu ndiyo nimeibeba peke yangu. Naona mtungi."

"Chota," alisema Sipriani.

Angeweza kujibu nini? Nimelifikiria hilo mara nyingi, nami si mtu wa kuwaza mambo yaliyopita. Mwanamke mzima, mgeni, jirani, ameomba maji, na mtungi uko mbele yake na kata yake. Bi Moza alichota, akanywa, akamshukuru Mungu, akampa kata mwenzake aliyekuwa nyuma yake. Huyo naye akampa mwingine. Walinyamaza kwa adabu, kwa kuwa waliona mtu anafanya kazi ya karatasi. Hakuna aliyechota mara mbili. Sipriani, akiwa ameinama nyuma ya meza, alisikia tu kata ikigonga udongo, na sauti hiyo alikuwa ameizoea maisha yake yote.

Pampu ikaanza kukoroma. Sipriani akainua kichwa, kompyuta ikazimika.

Stefania hakupiga kelele. Aliiweka mikono yake mapajani, akasema mistari kumi na saba imekwenda na maji. Bi Moza, kata mkononi, akauliza kuna nini. Alipoelezwa alikaa chini sakafuni, akashika kichwa.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na tano. Yassin alikimbia na ndoo mbili hadi hoteli ya jirani, akarudi na maji ya kwenye tangi jeusi la plastiki, lile linalokaa juu ya mnara likipigwa jua. Yalikuwa ya moto kama ya kuogea mzazi. Mtungi unahitaji nusu siku kuyatuliza maji kama hayo. Sipriani aliyagusa kwa kidole, akayamimina hivyo hivyo. Alifuta shaba kwa kitambaa kilicholowa, akasubiri, akafuta tena, mpaka saa ikawa tano na nusu.

"Washa," alisema. "Utapata dakika kumi. Labda kumi na mbili. Yassin asome, wewe usiangalie daftari, chapa tu."

Yassin alisoma. Watu arobaini walijaa mlangoni. Kila jina lilipotajwa mwenyewe aliinamisha kichwa kidogo, kana kwamba anaitwa shuleni. Stefania aliniambia alikuwa anakosea na kurudia. Sipriani alikuwa na mgongo wa kidole kwenye shaba, na baada ya mstari wa kumi na tano alianza kukiondoa na kukirudisha. Mstari wa 410. Mstari wa 411, ambao ulikuwa wa mpwa wake Bi Moza.

"Inatosha," alisema Sipriani. "Sevu. Printi."

"Bado wewe, mzee. Mstari mmoja tu."

"Nakwambia printi, mwanangu. Inakufa hii."

"Nusu dakika!"

"Ikizimika sasa, wote hawa wanarudi kwenye pori. Printi!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Stefania kumsikia akipaza sauti. Stefania akasevu, akaprinti. Ile printa ilivuta karatasi ya kwanza kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Ya pili. Ya tatu ilipotoka ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Yassin alishaikamata, Stefania akamnyang'anya, akachukua kalamu, akaandika mwishoni mwa kila nakala, kwa mwandiko wake wa haraka: 412, Sipriani, miti sitini. Lori likaondoka na Yassin na orodha.

Kompyuta haikuzimika. Stefania anasema ilibaki inawaka dakika nne nzima, yeye ameitazama, Sipriani ameitazama, kisha Sipriani mwenyewe akaizima kwa mkono.

Mimi nilikuwa mezani kwangu nikitazama saa. Yassin aliingia saa sita kasoro dakika tatu, jasho linamtiririka, akaweka orodha mbele yangu. Nilihesabu kurasa. Nilifika ya mwisho, nikaona mwandiko. Nikafungua mtoto wa meza, nikatoa rula na kalamu nyekundu.

"Bwana Karani," alisema Yassin, "huyo ndiye aliyeitengeneza mashine iliyochapa hizi zote. Maji yaliisha, ndiyo maana."

"Mashine haimo kwenye tangazo," nilimjibu.

Nikapiga mstari mwekundu juu ya namba 412 kwenye nakala zote tatu. Nilitumia rula ili unyooke. Nikagonga mhuri, nikafunga ofisi, nikaenda kuswali.

Wiki iliyofuata nilikuwa na barua ya kuchapisha, nikaenda kwa Stefania. Alinisimulia yote haya bila kunitazama, akichapa barua yangu. Mtungi ulikuwa pale konani, kata imetundikwa juu yake. Nilimuuliza kwa nini bado kata iko. Akasema aliiondoa, mzee akairudisha. Sipriani alikuwa ameingia kuongeza maji. Nilidhani atanisema, nikajiandaa kumweleza habari za mashemeji na marehemu wawili.

"Chota, Bwana Karani," alisema. "Nje jua kali."

Nilikunywa. Nikasema maji yake ya baridi sana.

"Joto limeondoka tu," alisema, akarudi kibandani kwake.

Ramani ilipotoka, Kiranjeranje ilikuwa na mashamba mia nne na kumi na moja, na katikati yake kipande kidogo kilichoandikwa pori. Palikuwa na mikorosho sitini, mmoja umepinda. Nilikiona kipande hicho kila siku kwa miaka miwili, kwa kuwa ramani ilikuwa ukutani mbele ya meza yangu. Niliona aibu. Sikumwambia mtu, nikahamisha kalenda nikaitundika juu yake.

Mwaka 2007 ukaja muda wa masahihisho, kabla mapori hayajagawiwa. Yassin alimleta Bi Moza ofisini. Mama huyo alikuwa amevaa vizuri, na alikataa kiti.

"Nimekuja kusahihisha shamba langu," alisema. "Mliandika miti arobaini. Ni mia."

Nilifungua orodha. Nikatazama mipaka. Nikajua mara moja ile sitini ilikuwa imetoka wapi.

"Bi Moza, miti sitini imeota kwa miaka miwili?"

"Imepata maji, Bwana Karani."

"Maji gani?"

"Ya mtungini," alisema, akanikazia macho.

Utaratibu ulinitaka niende nikahesabu. Sikwenda. Nilikaa mwenyewe kwenye mashine ya kuchapa ambayo ofisi ilikuwa imeshapata, nikachapa mstari wa Bi Moza upya kwa vidole viwili, miti mia moja, kile kipande cha pori kikiwa ndani ya mpaka wake, nikagonga mhuri. Kila msimu baada ya hapo aliyeokota korosho za miti ile sitini alikuwa Sipriani, kama kawaida yake, na Bi Moza alikuwa akipita kumtania kwamba anafanya kibarua kwenye shamba la mwanamke. Sipriani naye alikuwa akimjibu kwamba bosi wake ana kiu kuliko ng'ombe.

Sipriani alifariki mwaka 2011. Stefania ana kompyuta nyingine sasa, nyembamba, isiyohitaji maji. Kile kipande cha shaba anakitumia kuzuia karatasi zisipeperuke, na mtungi bado uko pale konani, watu wanakunywa. Mimi nimestaafu. Nimetafuta katika makaratasi yote yaliyopita mikononi mwangu, na sikuona mahali popote ambapo mtu yule ameandikwa kuwa alikuwa na kitu.

412. Sipriani Rafaeli Nandonde, Kiranjeranje, mikorosho sitini, mashariki amepakana na Bi Moza. Nimekwenda kwa Stefania, na safari hii jina lake limechapwa.